Swaumu Yangu na Kidole cha Shangazi

Harufu ya kamba wabichi hunitia kichefuchefu mpaka leo, na wanaonialika kula hudhani ni mambo ya kiafya. Si afya. Mwaka nilioanza kufunga Ramadhani nzima tulikuwa tukiishi Amu, yaani mji wa Lamu, katika nyumba ya ukoo wa baba, na alasiri zangu zilikuwa za shangazi, dada mkubwa wa baba. Watu wa pwani wanaijua desturi: mtoto akisema amefunga, huambiwa atoe ulimi. Ukiwa mweupe na mkavu, amefunga. Ukiwa mwekundu, kala. Kwa sisi watoto ulikuwa mchezo, tukikaguana barazani huku tukicheka. Kwa shangazi haukuwa mchezo, na ulimi alioukagua ulikuwa wangu peke yangu. Wanawe walipita mbele yake wakipangusa makombo ya mkate midomoni, naye akiwaona.

Sababu ilikuwa mama. Mama ni mtu wa bara, alikuja Lamu kufundisha shule, akasilimu kabla hajakutana na baba. Kurani alijifunza akiwa mtu mzima, kwa mwalimu wa mtaani, akikaa mkekani pamoja na watoto wadogo. Shangazi aliyaona hayo yote, na bado aliosha upya kila kikombe alichonywea mama. Siku moja mama alimuuliza kwa adabu, "Wifi, kikombe kina nini?" Akajibiwa kwamba hakina kitu, ni mazoea tu. Mimi nilikuwa mdogo, lakini jibu lile lilinichafua roho, na nililiona linatoka kwa mtu ambaye tasbihi haikumtoka mkononi.

Ramadhani ilikuwa imevuka katikati aliponiita uani. Alikuwa amechuchumaa akimenya kamba wa futari. "Ndoo hapa," akasema kwa Kiamu chake, yaani njoo. "Toa ulimi." Nikautoa. Hakuridhika. Akanishika kidevu, akaingiza kidole chenye ute wa kamba mpaka nyuma ya ulimi, eti atafute masalia ya chakula. Nikatapika palepale, juu ya miguu yake, na kusema kweli hilo halijawahi kunihuzunisha. Hata hakukasirika. Alifurahi. "Haya, swaumu imevundika. Kula sasa, upumue. Wewe hukuwa na swaumu, ulikuwa na ndaa tu." Ndaa ndiyo njaa kwa lugha ya Amu, na kuvundika ni kuvunjika. Akaninyooshea kipande cha mkate wa mofa, na binamu zangu wakaanza kuimba, ana ndaa, ana ndaa.

Njaa nilikuwa nayo, sikatai. Mkate ulikuwa karibu na mkono wangu, mtu mzima ameniruhusu, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini niliona kwamba nikiumega tu, neno lake litageuka kweli mpaka kwa siku zilizopita. Mimi nitakuwa nilishinda na njaa tangu mwezi mwandamo, na mama naye atakuwa ameshinda na njaa tu miaka yote ile. Nikauacha mkononi mwake. Nikasukutua, nikatema mpaka mate yakaisha, nikaenda chumbani kwa mama nikilia.

Mama alikuwa akikunja nguo. Nilipomaliza kumweleza akauliza, "Ulijitapisha?"

"Hapana."

"Kidole ulikitia wewe?"

"Hapana."

"Basi bado umefunga. Nia uliiweka mwenyewe, na hukuitoa."

"Shangazi hataamini."

"Humfungii shangazi," akasema. Akarudia kukunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa.

Magharibi ilipoadhiniwa, shangazi alimwambia baba mbele ya sinia kwamba nimekula mchana. Baba alinitazama, akawatazama kamba wa nazi, akamega mkate. Hilo lilinichukiza kuliko kidole. Nilisoma dua ya kufuturu kwa sauti, yote, nikala tende, kamba sikuwagusa. Kesho yake nilifunga tena, na shangazi aliponiita nilimwambia, "Niwie radhi, shangazi, mdomo sifungui." Akaniita mjeuri, akanipigia kelele nyumba nzima ikasikia. Sikuufungua siku hiyo wala nyingine, na mwezi ukaisha sijala hata swaumu moja.

Siku hizi nina watoto wangu, na kila Ramadhani huja Amu tukafuturu na wazee. Wana wa shangazi ni watu wazima, wanavuta sigara gatini mchana kweupe, na mama yao huwaambia watu kwamba wana vidonda vya tumbo. Hakuna anayemkagua mtu. Mwaka huu walikuja wageni, naye akanionyesha kwao kwa fahari: "Huyu swaumu haimpiti tangu udogoni. Ni damu yetu, dini ameipata hapa kwetu." "Dini nimeipata kwa yule," nikasema, nikamwonyesha mama aliyekuwa akiingia na birika. Shangazi akashughulika na ushungi wake.

Wageni walipoondoka mama alinivuta kando, akaniambia niende nikamtake radhi, kwani yule ni mtu mzima. Kwa mama nimejifunza kufunga, na nimejifunza kuwavumilia watu wa namna ile. Hili la kuwataka radhi limenishinda.