Oili ya Mlokole

Mume wangu alikuja na mali tatu kwenye ndoa yetu: sanduku la bati, kitanda cha mninga, na gari ambalo mtu mzima akitaka kuingia lazima kwanza akunje magoti hadi kidevuni. Mimi nilikuwa nesi katika zahanati ya shamba la mkonge, si mbali na Same. Yeye alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchuna nyuzi. Alitoka Songea akiwa kijana kuja kukata mkonge kwa mkataba, akaonekana ana akili ya vyuma, akahamishiwa karakana. Meneja wa kizungu alipoondoka baada ya mashamba kutaifishwa, alimwachia gari lake la michezo kwa sababu, alisema, hapakuwa na mwingine wa kulihurumia.

Lilikuwa la milango miwili, rangi ya maziwa, injini nyuma, na halikuwa na rejeta. Lilipozwa na upepo tu. Watu wa Same wanaijua thamani ya ndoo ya maji, na walikuwa wamezoea malori ya milimani yanayochemsha, utingo akizunguka nyumba za watu na dumu mkononi. Walipoona gari hili linapita zake bila kuomba hata kikombe, wakaliita Mlokole, kwa kuwa halinywi. Mume wangu, Mkatoliki ambaye hakuwahi kuikimbia chupa ya bia, alilipenda jina hilo kuliko nilivyolipenda mimi Mlutheri.

"Maji halinywi," alikuwa akiwaambia, "lakini oili ndiyo damu yake na ndiyo maji yake. Ukikosea oili, umeliua."

Kwa hiyo hakukosea. Alikuwa akichovya kidole, anafumba macho, anaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada polepole kama mtu anayesali rozari. Kisha anatenganisha vidole kuona kama inavuta uzi, na uzi ule unakatika baada ya muda gani. Nilimwambia wazi kwamba mimi mkewe wa ndoa sijawahi kushikwa mkono kwa uangalifu ule. Akacheka, akanawa, akaja kunishika kifundo cha mkono kama ninavyowashika wagonjwa. "Mapigo yako sawa, Sista," akasema. Alikuwa akiniita Sista kama wagonjwa wangu, nami nikimwita Fundi kama wateja wake, na hata watoto walipokuja hatukuacha.

Kisha ikaja ile miaka ya foleni. Sabuni foleni, kanga foleni, na oili ya gari kwa kibali, na kibali chenyewe nacho kilihitaji kibali. Fundi alitaka namba arobaini kavu, nzito ya kutosha kwa joto la huku chini, isiyotiwa dawa ya kusafisha. Pale karakana palikuwa na oili ya injini za dizeli, na wenzake walimshangaa kwa nini hachoti kidogo. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, ni wizi. Ya pili, oili ile ina kitu kama sabuni ndani yake, na injini iliyozeeka kwa oili kavu ukiipa hiyo, uchafu wa miaka yote unabanduka kwa mpigo na kuziba njia. Hiyo ya pili niliielewa vizuri. Mzee aliyefunga choo kwa wiki nzima humpi dawa kali ya kuharisha siku ya kwanza.

Alisubiri miezi mingi mpaka akapata kopo moja, la kutosha injini mara moja tu. Akamwaga ya zamani, akatia mpya, akaenda mjini na kurudi akipiga mluzi. Siku hiyohiyo mama yangu aliteremka kutoka Mbaga na lori, amebeba ndizi na tangawizi. Alipofika uani akaliona gari limesimama juani, mgongo wake unafuka joto, na hakuna aliyelijali. Kwetu mlimani gari lililosafiri ni mgeni, na mgeni hupewa maji. Mama akalizunguka, akafungua kifuniko cha nyuma, akatafuta mdomo mpaka akaupata, akamimina dumu zima. Kisha akaja jikoni na furaha yake.

"Nimelinywesha gari lenu. Lilikuwa na kiu, maskini, limekunywa lote."

Fundi aliweka kijiko chini. Mimi nilikuwa tayari kufoka, mama au si mama, maana damu yangu ni ya Kipare, ya watu wanaosemwa kuwa huuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Lakini yeye alinitangulia. "Asante sana, mama," akasema. "Limeshukuru." Akarudi kula makande yake.

Alingoja siku tatu, mpaka mama alipopanda lori la kurudi, ndipo akalala chini ya gari na kufungua nati ya kumwagia oili. Yakatoka mambo ya rangi ya kijivu, mazito, kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Ile ndiyo ilikuwa oili yote tuliyokuwa nayo, na nyingine haikupatikana mwaka ule wala uliofuata. Akalipandisha gari juu ya mawe, akalifunika kwa magunia ya mkonge. Sikuwahi kumsikia akimtaja mama kwa jambo lile, na kwa hilo peke yake nilimpenda upya.

Aliyelia ni binti yetu, aliyekuwa na miaka sita na aliyezoea kupelekwa kanisani amesimama kati ya viti viwili. Baba yake akamfuta machozi kwa mkono wa ovaroli. "Siku yako ya harusi, Mlokole ndiye atakayekupeleka kanisani," akamwambia. "Hiyo ni ahadi." Watoto husahau ahadi za pipi. Hii hakuisahau, na baba yake hakuisahau pia. Kila Jumamosi alifunua magunia, akaizungusha injini kwa mkono na spana, robo tu, ili vyuma visishikane.

Ugonjwa wa kisukari ulimpata Fundi miaka hiyohiyo, wakati sukari yenyewe tuliiona kwa nadra kuliko askofu. Tulitania sana hilo. Nilimpangia chakula, nikampima kila nilipopata dawa za kupimia, nikajiona mke hodari.

Ikaja enzi ya ruksa. Mkonge ukafa, tukahamia Same mjini, mimi nikipata kazi hospitali na yeye akitengeneza pampu za maji uani kwetu. Mlokole alikuja kwa kuvutwa na trekta, magunia yake juu. Madukani vitu vikajaa ghafla mpaka mtu akashindwa aanze na kipi. Miaka ikapita, binti yetu akakua, akapata mchumba, mwalimu wa huko Mbaga, harusi ikapangwa katika kanisa nililobatizwa mimi. Binti alikuja kutuambia tarehe, akasimama mbele ya yale magunia.

"Baba, ahadi," akasema.

Basi Fundi akaanza. Breki, matairi, nyaya, vyote alivitafuta na kuvipata. Ikabaki oili, na safari hii shida haikuwa kukosa. Tulikwenda wote wawili kwenye duka moja jirani na stendi, makopo yamepangwa hadi darini, ya rangi zote.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," akasema muuzaji, kijana nadhifu. Tukamwitikia. "Chukueni hii, ya kisasa, nyepesi kabisa. Gari linawaka hapohapo."

"Nyepesi ya nini?" Fundi akamuuliza. "Langu limeshapita ujana. Hiyo itavuja kila penye tundu, na ile kidogo itakayobaki itaungua mlimani. Nipe arobaini kavu."

Kijana akashusha debe lililoandikwa arobaini, akalifungua. Fundi akachovya, akafumba macho, akasugua. Nilisimama nikimngoja kama nilivyomngoja mara nyingi, na moyoni nikafurahi kumwona tena katika ibada yake. "Hii ndiyo," akasema.

Nikashika pindo la kanga kumpangusa, na oili ikanigusa kidoleni. Ilikuwa na mchanga. Si mwingi, laini kama chenga za dona, lakini ulikuwepo. Nikasugua tena. Ilikuwa oili iliyokwishatumika, imechujwa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye debe jipya. Mimi niliyefua ovaroli zake zaidi ya miaka ishirini, nikalalamikia harufu yake, nikaiita oili mke mwenzangu, sikujua hata siku moja kwamba nimejifunza kuijua.

Nikamtazama usoni. Alikuwa ametulia. Hakuwa amehisi kitu.

Hapo nikakumbuka kikombe kilichomponyoka, na lengelenge la kidole gumba ambalo alisema hajui limetoka wapi. Kila siku nilikuwa nawachoma wagonjwa wa watu vidole kwa njiti ya ufagio, kuona kama kisukari kimeua hisia, na kuwauliza, unasikia hapa, na hapa? Wangu mwenyewe sikumuuliza. Niliona aibu pale dukani mpaka masikio yakawaka moto, na juu ya aibu nikaona huruma.

Kumwambia mbele ya yule kijana nisingeweza. "Fundi," nikasema, "mimi naona tujaribu na ile ya juu kule."

Sikuwahi kutoa rai kuhusu oili tangu tuoane. Akafungua mdomo anitanie, halafu akaona vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa vinasugua. Akaurudisha mkono wake mfukoni taratibu.

"Sista amesema," akamwambia muuzaji. "Lete ile."

Nilijaribu nne. Kijana aliona tumerukwa na akili. Ya nne ilikuwa laini, na nilipotenganisha vidole, uzi ulisimama kabla ya kukatika.

"Inavuta?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Inavuta."

"Mchanga?"

"Hakuna hata chembe."

Akainama akainusa, maana pua yake ilikuwa nzima. "Basi ndiyo hiyo," akasema, na akaibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Jioni nilimkalisha barazani nikachukua njiti ya ufagio. Vidole vya mikono, karibu vyote vimelala. Vya miguu, hakusikia lolote mpaka kwenye kifundo. Nikashindwa kujizuia, nikalia. "Usilie, Sista," akasema, "mgonjwa ataogopa." Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni akauweka katika kiganja changu. Aliwahi kunifundisha kuendesha tulipokuwa wachumba, kati ya mistari ya mkonge, ili siku korona ikimkata mkono awepo wa kumwahisha hospitali. Korona haikumkata.

Nilimwambia sitaki. Oili nimechagua mimi, dereva niwe mimi, na bibi harusi yumo ndani: injini ikinoki kwenye ule mlima, ahadi ya miaka yote ile nitakuwa nimeivunja mimi kwa mikono yangu. "Ndiyo maana nakupa wewe," akasema. "Wewe unasikia."

Tuliondoka Same asubuhi, binti kajikunja kiti cha nyuma na gauni limemfunika hadi kidevu. Hadi Mwembe ilikuwa tambarare, nikapata moyo. Kisha barabara ikainuka. Kona ya tatu taa nyekundu ya oili ikapepesa, nami nikapaza sauti, "Fundi, taa." Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza injini iliyoko mgongoni kwake.

"Oili yako ni nzima," akasema. "Wewe ndiye unaogopa, umelegeza mguu, pampu haisukumi. Kanyaga kidogo."

Nikakanyaga, taa ikazima. Haikuwaka tena. Tulipita lori limesimama, rejeta inatoa mvuke na utingo wake na dumu, na Fundi akawapungia mkono kwa majivuno ambayo hata mlokole wa kweli angehitaji kutubu. Juu tulipokelewa na ukungu na baridi. Kabla ya kwenda kanisani nilisimamisha gari uani kwa mama, na Fundi akaniambia nisizime kwanza. Injini ikanguruma taratibu, taa imelala. Akatikisa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya kazi ya mtu mwingine ikimridhisha. Nikazima.

Mama yangu, aliyekuwa amezeeka na kupinda mgongo, akatoka nyuma ya nyumba na dumu la maji.

"Shikamoo mama," Fundi akasema, akijitoa garini kwa tabu.

"Marahaba, baba. Nimeliletea maji. Mara ya kwanza lilishukuru, sijasahau."

Binti akajishika mdomo. Mimi nikafungua mlango nikimbilie kumzuia, lakini Fundi alikwishajisogeza akasimama mbele ya kifuniko cha nyuma, miguu ameitanua ili isimdanganye.

"Limeniambia nianze mimi, mama," akasema, akakinga mikono yote miwili.

Mama akammiminia. Maji ya Mbaga yanaingia mpaka kwenye mifupa. Matone yaliyonirukia miguuni yalinifanya niruke. Yeye alisimama ameikinga mikono bila kutikisika mpaka dumu likaisha, akamshukuru mama kwa heshima zote. Halafu akanisogelea sikioni.

"Ni ya baridi, Sista?"

"Ya baridi sana," nikamwambia. Nikamshika mikono, nikaanza kumpangusa kidole kimoja kimoja kwa kanga yangu mpya, na sikumwachia mpaka bibi harusi alipotukumbusha kwamba bado yumo garini.