Wimbo wa Kupimia

Shangazi yangu ni fundi wa piano. Akishakaza nyuzi, hupiga kipande kifupi kupima kama sauti zimekaa sawa. Kila fundi ana chake. Cha shangazi alikitunga babu, baba yake, aliyemfundisha kazi. Hakikuandikwa popote. Ukiacha kisanduku cha spana, ndio urithi wote alioachiwa. Mimi tangu utotoni nikikisikia najua kazi imekwisha, twende tukale.

Kwa miaka kumi na tisa alimhudumia mpiga kinanda wa bendi ya roki tuliyembandika jina Dakika Ishirini. Ukiinjika maharage wimbo wake ukianza, yanaiva bado haujaisha. Siku moja bwana huyo akaamua kurekodi albamu ya piano tupu, bila ngoma wala gitaa, na shangazi akashinda naye studio siku sita.

"Dada, hako kawimbo kako katamu," akamwambia. "Hebu rudia."

Shangazi akarudia mara tatu, meno yote nje. Ah, sifa zinatuponza!

Albamu ikatoka. Wimbo wa kwanza ni ule ule, haukupungua hata noti moja, na mtunzi ni Dakika Ishirini peke yake. Shangazi akampigia simu.

"Lakini dada, si ulikuwa unapima tu?"

"Ni wa baba yangu ule."

"Basi mzee angefurahi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi, ambaye hata msibani hujikaza, alilia kwa hasira mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulimwita yeye, fundi wao wa siku zote. Nilimkataza.

"Piano haijanikosea," akasema. "Na leo watausikia kwa wenyewe."

Nilimbebea kisanduku. Watu walikuwa wameshaanza kuketi alipokaza uzi wa mwisho. Akanyoosha mgongo, akapiga wimbo wa babu wote, polepole kuliko nilivyowahi kuusikia. Ukumbi ukatulia. Roho yangu ikasuuzika.

Mama mmoja wa mstari wa mbele akamgusa mwenzake, akacheka.

"Makubwa! Hata fundi ameshaukariri wimbo wa mwenye albamu."

Watu wakampigia makofi ya kumtania. Shangazi alifunika piano, akachukua kisanduku mikononi mwangu, akatoka.

Siku hizi anapima kwa noti moja moja, toka chini hadi juu. Mimi nakaa pembeni nikisubiri, sijui kama amemaliza.