Maimuna na Meneja Mpya

Miaka kumi na tisa Maimuna alikata vitambaa katika karakana ya sare ya Kanubhai, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe. Hakuwahi kuharibu jora hata moja. Nafasi ya meneja ilipopatikana, alikwishajishonea gauni la kuanzia kazi. Kanubhai akampa Candida, fundi cherehani mwenye miaka minne tu pale.

"Wewe unafikiria sana, Maimuna," alimwambia. "Nataka mtu wa kuamua."

Tangu hapo kila cha Candida kilimchoma. Mafundi wakicheka naye, Maimuna aliona wanajipendekeza. Candida alishika kitambaa kwa vidole viwili, akasema "kata," basi. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba kila mara alikuwa sahihi.

Jumatatu moja yaliletwa majora ya kijani kwa ajili ya sare za chuo cha uuguzi, seti mia tatu. Candida akayashika.

"Kata, dada Maimuna."

Maimuna alipolaza kiganja juu ya kitambaa, alisita. Kilikuwa kikavu mno, kama kimevutwa kwa nguvu kiwandani. Kikifuliwa kitarudi, sare zitakuwa fupi. Alifungua mdomo, akaufunga. Huyu ni mimi fundi ninayesema, au ni kijicho changu? Akisema na kisirudi, wote watajua alichokuwa akikitafuta. Akakata. Usiku hakulala, Jumanne akakata tena, Jumatano akapanga hoja upya kichwani huku mkasi ukitembea.

Alhamisi aliloweka kipande kwenye ndoo, akakianika dirishani. Kilipokauka kilikuwa kimepungua vidole vitatu. Ajabu, kwanza alifurahi. Furaha ile ikamwogopesha. Akakipeleka kwa Candida.

Candida alikipima mwenyewe.

"Ulihisi lini?"

"Jumatatu."

"Na leo Alhamisi, dada."

"Nilidhani ni wivu," Maimuna alisema. Hakupanga kulisema hilo.

Candida alikikunja kile kipande. "Huenda ulikuwa wivu. Lakini kitambaa kimerudi."

Nusu ya sare zilikuwa zimekwishakatwa. Candida alimfuata Kanubhai, akasimama mbele yake na mafundi wakisikia: "Kosa ni langu. Niliamua haraka, sikujaribu." Jina la Maimuna hakulitaja. Vile vipande wakavishona vikawa sare za saizi ndogo, na majora mapya yakaagizwa. Chuo kilisubiri wiki mbili kwa manung'uniko.

Maimuna alitegemea kufarijika. Badala yake alimwonea Candida wivu upya: hata kukosea alikosea vizuri.

Siku iliyofuata Candida alimwita. "Kuanzia leo jora linapita kwako kwanza. Ukihisi kitu niambie saa hiyohiyo, tuloweke. Hata kama siku hiyo hunipendi."

Mwezi uliofuata ikaja khaki. Maimuna alipoigusa tu akasema, "Subiri." Wakaloweka, mafundi wakakaa nusu siku bila kazi. Khaki haikurudi hata kidogo. Maimuna akangoja kuchekwa.

"Haya, tukate," Candida alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Maimuna akashika mkasi. Alimwangalia mwenzake akiinamia cherehani, akatamani, kama alivyotamani kila siku, awe mwepesi hivyo. Kisha akaanza kukata.