Keki ya Wakwe Ndani ya Deli la Sangara

Niseme mapema ili tuelewane: nina diploma ya uokaji. Sikuipata kwa kuangalia video kwenye simu. Niliisotea Doha miaka saba, nikianza na kuosha masufuria ya hoteli, na hakuna mjomba aliyenilipia hata nauli. Sasa imetundikwa Nyakato, kwenye fremu, juu ya oveni yangu. Mteja akisimama vibaya namsogeza kidogo aione.

Niliporudi nilikuta Mwanza keki zinasafirishwa kama wagonjwa. Jirani yangu, mama anayeoka kwa mkaa, hupanda bajaji na keki mapajani, kaifunika kanga, huku akimkemea dereva kila tuta. Nikaona nimsaidie.

"Shikamoo mama. Keki inataka mnyororo wa baridi, tangu jikoni hadi kwa mteja."

"Marahaba. Mnyororo wa nini, keki zako huwa zinatoroka?"

Nilimsamehe. Hajasoma.

Kisha akaja mama mmoja wa Igoma. Binti yake alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, kule Sengerema, na alitaka keki ya wakwe. Familia ya binti huikabidhi keki hiyo nzima mbele ya ukumbi, na wakwe wa siku hizi hawana subira ya kuipeleka nyumbani. Wanaifungua palepale na kuonja, mshereheshaji akimtangaza kila anayetafuna.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa watu tangu siku ya posa wanasema sisi hatujui mambo. Keki hii ikiharibika, binti yangu ataimbiwa mpaka azeeke."

"Mama, umefika kwa mwenye diploma."

Shida ilikuwa moja. Kiyoyozi cha gari langu kilishakufa, na krimu ya siagi kwenye jua la saa nane hugeuka supu. Nilihitaji deli kubwa la barafu, na langu lilikuwa dogo kwa keki pana namna ile. Nikaenda mwaloni, kwenye soko la samaki, nikaazima deli la mfanyabiashara wa sangara, kubwa kiasi cha kumlaza mtu mzima. Nikaliosha kwa sabuni, maji ya moto, limao, siki, kisha sabuni tena. Nikaingiza kichwa chote, nikanusa. Hakuna kitu.

Hapa ndipo elimu yangu ilipoteleza. Mtu aliyezaliwa Mwanza hana pua ya samaki. Kwetu sangara si harufu, ni hewa.

Nikapanga mifuko ya barafu pembeni, keki katikati kwenye ubao wake, nikafunga kifuniko na kukizungushia selotepu. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shefu, hiyo unaisafirisha au unaizika?"

"Angalia ujifunze, mama."

Kigongo siku hizi tunavuka kwa daraja, hivyo niliteleza juu ya ziwa kama waziri. Sengerema nikalishusha deli nyuma ya ukumbi na kukata selotepu mbele ya mama wa Igoma. Keki ilikuwa imara, hakuna ua hata moja lililoinama. Nilikuwa natoa simu niipige picha, mama alipoinama karibu zaidi.

"Mwanangu, umebeba na samaki?"

"Hapana, mama."

"Basi hii keki umeivua wapi?"

Nikalamba krimu. Vanila ilitangulia, na nyuma yake likaja Ziwa Viktoria zima. Siagi hunyonya harufu kuliko sifongo. Nalijua hilo vizuri. Kwenye mtihani wa somo hilo nilishika nafasi ya kwanza.

Mama akakaa juu ya kreti la soda. "Wakwe wako njiani. Nimekwisha."

Sikuomba msamaha, muda haukuwepo. Nilichukua kisu nikaikwangua krimu yote, maua na kila kitu, kisha nikakata ngozi nyembamba ya keki kuzunguka pande zote. Nikaonja ndani: safi, samaki hakuwa amefika. Wapishi wa ukumbini wakanipa jiko la mkaa na sukari. Nikaichoma sukari mpaka ikawa rangi ya asali, nikatia maziwa, nikaimwagia keki ikiwa moto, juu nikanyunyiza karanga zilizokaangwa. Mwenye kuangalia video angekuwa bado analia.

Ilipokabidhiwa, mama mkwe aliizunguka kama anakagua mbuzi wa mnadani.

"Mbona haina maua?"

Mama wa Igoma hakupepesa jicho. "Maua ni mambo ya zamani, dada. Hivi ndivyo wanavyofanya Doha."

Doha hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Mama mkwe akatafuna, akatangazwa, akaomba kipande kingine, na kingine akakifunga kwenye tishu akakitia mkobani. Kisha akachukua kipaza sauti mwenyewe, akasema harusini wasiletewe tena keki za maua, waletewe hii hii.

Ukumbi ukapiga vigelegele. Mama wa Igoma naye akapiga, huku akinitazama kwa jicho lililoniambia mambo mengi, hakuna hata moja la shukrani. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, jambo ambalo Doha nzima haikuwahi kuniona nikilifanya.