Waliomnukuu Mtafiti wa Bwera

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu kuhusu magonjwa ya kahawa, niliitegemea makala moja iliyonukuliwa na watu wengi. Mimi na rafiki yangu Mkongomani wa Butembo, mwanafunzi mwenzangu, tulikuwa tukitumia kompyuta moja kwenye kafe ya intaneti mjini Kasese. Siku moja akaniuliza, "Wale wenye waliinukuu, umesoma wanasema nini?"

Sikuwa nimesoma. Tukabofya orodha ya walioinukuu, tukafungua makala moja baada ya nyingine. Wengi walikuwa wanaipinga.

Aliyeipinga kwa ushahidi mzuri kuliko wote alikuwa mtafiti wa Bwera, hapo hapo wilayani kwetu. Jumamosi tukapanda teksi kwenda kumtafuta, tukamkuta mama mstaafu, ameketi uani akichambua maharage.

"Mama, ni wewe uliandika hii?" rafiki yangu aliuliza, akimwonyesha simu.

"Ni mimi. Nani bado anaisoma?"

Nikamfungulia orodha ya makala zilizomnukuu yeye. Hakuwa amewahi kuiona. Akavaa miwani, akasoma taratibu huku akitabasamu, mpaka akafika kwenye makala moja mpya, akausoma muhtasari wake mara mbili.

"Huyu anasema nilikosea kuhusu miti ya kivuli," alisema.

Tuliogopa kwamba ameudhika, lakini alicheka, akaomba nimfungulie makala nzima. Alasiri yote alisoma kwa sauti, akimjibu yule mtu wa mbali aya kwa aya, nasi tukinywa chai yake na kumsikiliza kwa furaha.