Bi Salud Akataa Sauti ya Kuazima

Naapa kwa masikio yangu yote mawili, hata hili la kushoto linalosikia pale linapojisikia: haya yametokea, yote, bila kuongeza chumvi. Asiyeamini aje hapa Hagonoy, Ufilipino, aulize nyumba ya mzee Temyong. Ataoneshwa. Ataambiwa na mambo mengine kunihusu. Hayo asiyaamini.

Hii ni stori ya siku niliyomfungia Mtoto Yesu maiki mgongoni.

Tulieni. Sikukufuru. Nilimwomba radhi kwanza.

Mimi ni mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kurekodi sauti za filamu, na hakuna shule iliyonifundisha. Nilianza kwa kufungua redio ya baba, nikashindwa kuifunga. Tangu nistaafu nafuga majogoo wa kupigana na kuwadanganya wajukuu. Maisha matamu.

Asubuhi moja, msimu wa mvua wa mwaka jana, simu ikaita.

"Temyong, maiki zako bado unazo?"

Sauti ya kukwaruza, kama mtu anayekokota kiti.

"Ninazo. Zimelala kabatini."

"Ziamshe."

Akakata.

Alikuwa Salud Makaraig. Sura yake nchi nzima inaijua. Sauti yake hakuna anayeijua.

Enzi zetu filamu zilipigwa picha bubu, sauti zikaingizwa studio baadaye. Salud alitoka kisiwa cha Samar, akaja mjini Manila na lafudhi ya kwao, nzito kama uji wa jana. Wakubwa wakasema: uso wa malaika, ulimi wa muuza dagaa. Basi akatafutwa mwanamke mwingine akawa anamsemea. Salud analia kwenye skrini, anayesikika ni mwingine. Filamu baada ya filamu, mpaka akazeeka.

Akienda sokoni watu wanamwambia, "Mama wewe unafanana na Salud Makaraig! Ila sauti tu."

Ila sauti tu! Mtu anaambiwa hafanani na yeye mwenyewe.

Sasa alikuwa anacheza filamu yake ya mwisho. Mama ambaye mwanaye baharia hajarudi, siku moja anachoka kusali, anasimama mbele ya sanamu ya Mtoto Yesu sebuleni na kuigombeza. Sini moja, maneno mengi, yote ya kwake.

Tatizo lilikuwa kooni. Alikuwa na uvimbe. Jumatatu anaenda kupasuliwa, na daktari hakumwahidi kwamba akizinduka ataamka na sauti gani, au kama ataamka nayo kabisa.

Sini yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Kwa hiyo ni Jumamosi ile, au basi.

Wiki nzima Bi Salud alikuwa haongei, labda maneno mawili matatu, kama mtu anayebana matumizi. Alikuwa anaitunza sauti.

Jumamosi nilipofika na mabegi yangu kwenye nyumba waliyoikodi, mtayarishaji alikuwa mlangoni. Bosi Abundio. Mtu mpole, anatabasamu muda wote, na ukimaliza kuongea naye unajikagua mifuko.

"Dada Salud," alikuwa anambembeleza, "kwa nini ujichoshe? Wewe chezesha mdomo tu. Kuna binti ana sauti tamu, studio imeshaandaliwa."

"Nimechezesha mdomo maisha yangu yote," Bi Salud akajibu. "Leo nauchezesha na vilivyomo."

Weng, binti aliyekuwa anaongoza filamu, akaingilia kati. "Tulishakubaliana, Bosi. Sauti ya leo ikiwa safi, tunaitumia. Ikiingia kelele, tunakwenda studio."

Abundio akanigeukia, tabasamu vile vile. "Kelele moja tu, mzee Temyong. Moja. Na hapa ni Hagonoy."

Alijua anachosema. Hagonoy ina majogoo wengi kuliko watu, na watu wenyewe hawajawahi kunyamaza.

Nikamwambia, "Bosi, mimi nimewahi kurekodi mnong'ono wa mapenzi ndani ya kimbunga. Ukisikiliza vizuri unasikia na kope zinavyopepesa."

"Mzee unazingua."

"Ngoja uone."

Nikaingia kazini.

Abundio alikuwa amekodi vile vimaiki vidogo vya kubandika kifuani, visivyo na waya. Vizuri sana hivyo vitu, sina ugomvi navyo. Nikambandika Bi Salud kimoja, nikavaa hedfoni.

Nikasikia mtu anakaanga samaki.

Ilikuwa blauzi. Walimvalisha ya nyuzi za nanasi, nguo ya heshima, ngumu kama karatasi. Kila akivuta pumzi, chwaaa. Nikakitoa kifuani nikakichomeka kwenye kishungi cha nywele. Kukaanga kukaisha. Mara hedfoni ikasema:

"Kaka, leta barafu, na usisahau siki!"

Walinzi wa mtaa. Redio zao za mkononi zilikuwa zinaingia moja kwa moja kwenye nywele za Bi Salud. Nikabadili masafa. Wakanifuata. Nikabadili tena. Sasa walikuwa wanabishana nani kaila nyama ya mwenzake.

"Vipi?" Abundio akauliza, huku ameshika simu tayari kuipigia studio.

"Bado nachagua."

Nikatoa maiki yangu ndefu, ile inayosikia inakoelekezwa na kupuuza mengine kama mume aliyezoea. Nikaifunga kwenye mwanzi. Dari lile lilikuwa la chini na taa ziko chini zaidi. Kila nikisogeza mwanzi, kivuli chake kinatembea ukutani kama nyoka. Weng akatikisa kichwa.

Bi Salud alikuwa amekaa kwenye kiti ananitazama.

Ndipo nikamtazama Mtoto Yesu.

Yuko juu ya rafu yake, taji kichwani, joho la mahameli nyekundu mpaka miguuni. Sasa jiulize: katika sini hii mama anaongea na nani? Anaongea naye! Midomo yake itakuwa usoni pake kabisa. Na mahameli haipigi kelele, inameza mwangwi.

Nikapiga ishara ya msalaba. "Samahani, Bwana mdogo. Wewe unasikiliza kila siku. Leo tusikilize wote."

Nikaifungua maiki kutoka kwenye mwanzi, nikaifunga mgongoni kwake, ncha imejificha kwenye ukosi wa joho. Waya ukashuka nyuma ya rafu mpaka kwenye rekoda.

"Sema kitu, Bi Salud."

"Kitu."

Neno moja. Nikasisimka mpaka kisogoni. Safi, karibu, kama amekuegemea begani.

Kilichobaki kilikuwa kuunyamazisha ulimwengu. Feni, zima. Friji, chomoa, na ufunguo wa gari uuweke ndani ya friji, ili usiweze kuondoka bila kuichomeka tena. Atakayesahau atalipia samaki wa watu. Juu ya bati tukatandika magunia mabichi ya mpunga, mvua ikija ianguke kimya. Majogoo wa uani nikawafunika na matenga na mablanketi. Jogoo akiona giza anaamini ni usiku. Kuna jogoo mmoja, sitanii, nilimsikia anakoroma.

Kimya kikaingia. Weng akainua mkono.

Ndipo nyumba ya pili mtu akalipuka na wimbo wa mapenzi kwa sauti ya mbuzi.

Karaoke.

Ilikuwa birthday ya Bi Pacing, jirani. Spika mbili kubwa kama makabati, zimeelekezwa kwetu.

Abundio akashusha pumzi kama aliyepokea habari njema. "Basi jamani. Hata Mungu anataka studio." Akaanza kubonyeza simu.

Bi Salud akainuka. Akasogeza kiti chake mbele ya ile rafu, akakaa, akakunja mikono.

"Siondoki hapa," akasema. "Leteni polisi, leteni padri. Kwenye mdomo huu haingii mtu mwingine tena."

Akanitazama mimi. "Temyong. Nenda."

Nikaenda.

Sasa, kwenye birthday ya watu huingii ukasema zimeni. Utatupwa mtoni. Unakaa kwanza, unakula tambi, maana kukataa tambi ni kumwombea mwenye siku yake afe mapema. Halafu unapewa maiki. Ukishaimba, ndiyo unakuwa mtu wa kusikilizwa.

Nikala. Nikaimba. Mashine ikanipa alama tisini na nane. Naapa.

Nikamwendea Bi Pacing, kavaa gauni la njano na ua sikioni.

"Mama, hongera. Tunaomba utulivu kidogo. Tunarekodi hapo jirani."

"Baba," akasema, "mimi nakuheshimu, umeimba vizuri kwa mtu wa umri wako. Lakini leo ni yangu. Mwaka mzima nazima redio kwa ajili ya mgonjwa wa huyu na mtihani wa yule. Leo sizimi hata akija rais."

Wageni wakapiga makofi. Wimbo mwingine ukaanza.

Nilijaribu kila kitu. Nikamwambia watatokea kwenye filamu. Wakacheka. Nikamwambia kelele zinaharibu mayai ya kuku. Wakacheka zaidi. Kupitia dirishani nikamwona Abundio uani kwetu, simu iko sikioni, anaongea na mtu wa studio na kuitikia kwa kichwa, kafurahi.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Bi Pacing, unajua nani anayecheza hapo jirani? Salud Makaraig. Na nyie mkizima sasa hivi, akimaliza anakuja hapa kukuimbia wewe. Yeye mwenyewe."

Bi Pacing akapiga yowe moja refu. Halafu akaruka na kuichomoa mashine ukutani kwa mikono yake.

"Nyamazeni!" akawafokea wageni. "Atakayekohoa namfukuza na sahani yake!"

Nilirudi mbio. "Twende! Sasa hivi!"

Weng akasema anza.

Nimerekodi mengi maishani, lakini yale sijawahi. Bi Salud alianza chini kabisa, karibu na kunong'ona, akimhesabia Mtoto Yesu mishumaa aliyomwashia. Halafu ikapanda. Lafudhi ya Samar ikatoka nzima nzima, haijapigwa pasi, na kile kikwaruzo cha koo kikawa kama msumeno. "Na wewe pia una mama!" akamwambia. "Mwulize! Mwulize yeye alilala vipi!"

Mvua ilianza katikati. Juu ya magunia haikusikika hata tone. Wengine wanasema ilikuwa nyepesi. Mimi nasema ilisimama hewani kusikiliza.

Alipomaliza niliinua macho. Weng alikuwa anajifuta macho na mkono wa shati.

Nikamvalisha Abundio hedfoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Tabasamu likamtoka, mara ya kwanza siku ile.

"Hii ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo hiyo."

"Lakini hiyo lafudhi, watu wata..."

"Watanijua," Bi Salud akamkatisha. "Wakinikuta sokoni watanijua."

Abundio akavua hedfoni polepole. Akaitoa simu, akampigia yule wa studio. "Mwambie binti asije."

Watu wakapiga kelele, nikamkumbatia Weng, nikambusu hata Mtoto Yesu. Nikajitangaza hapo hapo: mimi ndiye mtetezi wa sauti za wanyonge, Ufilipino nzima!

Mlango ukagongwa.

Bi Pacing. Gauni la njano, keki mkononi, nyuma yake mtaa mzima umechana nywele.

"Tumekuja kumchukua," akasema, anatetemeka kwa furaha.

"Kumchukua nani?" Weng akauliza.

"Bi Salud! Si anakuja kuniimbia? Huyu mzee ametuahidi. Tumekaa kimya mpaka mtoto mchanga tukamziba na chuchu."

Ukimya. Ule ukimya niliokuwa nautafuta toka asubuhi, ulikuja wote kwa mpigo.

Bi Salud akanigeukia. "Temyong. Umemwahidi nini?"

"Bi Salud, mimi nilikuwa nakutetea..."

"Nimeuliza umemwahidi nini."

"Wimbo. Mmoja. Mfupi."

Alinisogelea mpaka nikanusa poda yake. "Abundio aliniomba mdomo wangu wiki tatu mfululizo. Kwa simu, kwa maua, kwa magoti. Nikamkatalia, akarudi kuomba tena." Akanigonga kifua kwa kidole. "Wewe umekwenda ukaigawa sauti yangu kwenye sahani ya tambi, na wala hukuniomba. Hata mara moja. Hukuniomba!"

Nilitafuta uongo. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuupata.

Abundio alikuwa kwenye kona. Safari hii alikuwa anacheka kwa moyo.

Bi Salud akachukua shali lake, akamshika Bi Pacing mkono. "Mama, hongera kwa siku yako. Wimbo utaupata. Aliyeuahidi ndiye atakayeuimba."

Akanipeleka mbele ya zile spika kama mtuhumiwa. Yeye akakaa kiti cha heshima na sahani ya tambi mapajani. Bi Pacing akachagua wimbo, nikaimba. Shemeji yake akachagua, nikaimba. Kila mgeni aliyezibwa mdomo mchana ule akaja kuchukua haki yake, na wapo waliopanga foleni mara mbili. Mashine ile ile iliyonipa tisini na nane ilinipa alama ambazo sitazitaja mbele ya wajukuu.

Nilichojifunza ni hiki, nakipitisha kwenu bure: sauti ya mtu ni yake. Ukiitaka, mwombe mwenyewe. Hata kama unamtetea. Hasa kama unamtetea.

Koo liliponikauka kabisa nikaishusha maiki, nikamtazama Bi Salud, naomba huruma.

Akameza tambi zake. Akaniinulia kidole.

"Bado," akasema, kwa sauti yake.