Kikombe cha Masanja

Sogea karibu, mwanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali na nimechoka kurudia maneno. Kuna Jumapili moja ambayo sijaweza kuisahau, na sasa nimeshakuwa bibi.

Nilikuwa na miaka miwili tu ya ndoa na mtoto mmoja, Kabula, tukiishi hapa hapa Kambarage. Mume wangu alifanya biashara ya mchele Kahama, na wiki hiyo alirudi na katoni ya vyombo vipya vya kioo. Nilivipenda mno. Lakini kabati lilikuwa limejaa vyombo vya udongo vya mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Ushirombo baada ya kufiwa na mumewe: mabakuli yenye nyufa, birika lisilo na mfuniko, vikombe visivyofanana. Alipokwenda misa nilivikusanya vyote kwenye ndoo, nikavimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Nilivisikia vikipasuka. Nikaona nimefanya usafi.

Aliporudi alifungua kabati, akaniuliza vyombo vyake viko wapi. Nikamjibu, bila hata kuacha kufuta meza, kwamba vilikuwa vimechakaa na sasa atakunywa chai kwenye vikombe vizuri. Alivua viatu vyake vya misa, akaenda nyuma, akashuka shimoni, mtu mzima wa umri ule, akaanza kufukua majivu na maganda ya ndizi kwa mikono.

Nilimfuata, na kusema kweli nilichoogopa ni macho ya majirani. Nikamsihi atoke, nikaahidi tutamnunulia vingine. Kidole chake kilikuwa kinatoka damu. Alikuwa ameshika kikombe cha bluu kilichovunjika kishikio.

"Mama Kabula," aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "hiki ni cha Masanja."

Masanja alikuwa mdogo wa mume wangu. Nilijua tu kwamba alifia machimboni, huko Geita, kabla sijaolewa, na sikuwahi kuuliza zaidi. Siku ile mama yake alinieleza akiwa bado amesimama kwenye taka. Duara, lile shimo wanaloshuka kuchimba dhahabu, lilimfukia na wenzake. Watu wakachimba siku kadhaa, wakashindwa, wakaacha. Kilichorudi nyumbani ni begi lake, na ndani yake kikombe hicho.

"Mwanangu nilimwacha shimoni kwa sababu sikuwa na la kufanya," alisema. "Hiki siwezi kukiacha."

Basi nikashuka na mimi. Tulifukua mpaka jua likawa kali. Vingi vilikuwa vigae tu. Tulitoka na mabakuli mawili, birika na kile kikombe, na hakuna hata kimoja ambacho kingeweza tena kushika chai. Kikombe kilikuwa na ufa mpaka kwenye kitako.

Siku zile nilikosa usingizi. Mwishowe nikamwomba ruhusa nipande miche ndani ya vyombo vile, ili visirudi kukaa bure. Alinitazama, akasema nianze na bakuli, kikombe nisikiguse. Nikachukua nyundo na msumari ili nitoboe tundu la kutolea maji, na bakuli likagawanyika pande mbili mikononi mwangu. Nilidhani atanifukuza. Yeye akalijaza bakuli la pili mchanga mbichi, akalipindua kitako juu, akaweka ncha ya msumari kitakoni na tone la maji.

"Ukipiga, kinapasuka," alisema. "Zungusha taratibu."

Bakuli na birika vilipotoboka salama, alikileta kikombe mwenyewe. Tulizungusha kwa zamu, siku mbili, kwa kikombe peke yake. Chini tuliweka vigae vya bakuli nililovunja, juu yake udongo uliochanganywa na samadi ya zamani, kwa kuwa ile mbichi huunguza mizizi. Birika likapata vitunguu, bakuli mnanaa. Kwenye kikombe alipanda chipukizi la shubiri, akakiweka dirishani, akawa anakimwagilia kwa kijiko kila asubuhi, akiongea kwa Kisukuma cha chini chini. Nilijifunza kutoingia jikoni saa hizo.

Sijui kama alinisamehe. Hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza. Ila alipougua miaka ya mwisho, asiweze kuinuka, aliniita akanipa kile kijiko.

Nawe, mwanangu, ukiingia kwenye nyumba yenye mzee, usitupe kitu chake kabla hujamuuliza kilitoka wapi, na umsikilize mpaka amalize. Chombo kilichoshindwa kazi yake ya kwanza kitafutie kazi ndogo. Udongo kidogo na mche mmoja vinatosha. Na ukishakosea kama mimi, usikimbilie kuahidi kununua kingine. Shuka ufukue naye.

Mungu akujalie nyumba yenye watu wa kuwauliza, na akupe subira ya kuwasikiliza wangali wanaweza kujibu. Mikono yako na iwe mizito kutupa na myepesi kuinua. Sasa nipumzike kidogo.